Dawa ya Koo Niliyoigawa Mafungu Matatu

Asubuhi hiyo jikoni tulikuwa watu watano. Nitawataja wote, kwa sababu nikianza kuficha waliokuwepo nitaishia kuficha na nilichofanya. Alikuwepo Nzioka, anayenifuata, miaka kumi na mitano. Alikuwepo Mwikali, miaka kumi na mmoja, amejifunga shuka shingoni. Alikuwepo Kyalo, kitinda mimba wetu, miaka saba, amekalia mtungi uliolazwa. Susu, yaani nyanya yetu mzaa mama, alikuwa mlangoni akichambua ndengu kwenye ungo. Na mimi nilikuwa nimechutama karibu na mafiga, mfuniko wa sufuria mkononi, na juu ya mfuniko nimemwaga vidonge thelathini.

Wadogo zangu wamenipa ruhusa kuwataja. Wengine wote sitawataja, ingawa baadhi yenu mtajijua na mtaanza kuangalia viatu.

Ndugu zangu wa jumuiya, asanteni kwa kunipa nafasi baada ya sala. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na ameketi hapa karibu ili anivute shati nikizidisha. Nitajaribu.

Mnanijua kama mtu wa maji. Mnaniona na punda wangu wawili na mkokoteni, nikitoka kisimani. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hatujavuna mahindi ya msimu uliofuata. Baada ya mazishi wajomba walikaa kikao cha kugawana watoto. Mmoja amchukue Kyalo, mwingine amchukue Mwikali, Nzioka aende kuchunga ng'ombe kwa mtu huko chini Mwala. Nilisimama nikasema hakuna anayeondoka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mjomba mmoja alicheka akaniuliza, "Na utawalisha nini, hiyo sare ya shule?" Jumatatu nilimfunga punda wa baba kwenye mkokoteni. Sare alirithi Nzioka.

Vijana wa kisimani waliniita Mama Kyalo kwa sababu nilikuwa napika na kufua, mimi kijana wa kiume. "Mama Kyalo, leo umepika nini?" Nilikuwa nawajibu muthokoi, wanacheka, maisha yanaendelea.

Kitu ambacho nilikishika kuliko vyote ni kugawa sawa. Watoto waliofiwa huwa wanaangalia sahani za wenzao, nawaambia ukweli. Wanatafuta nani anapendwa zaidi. Kwa hiyo nilikuwa napima kwa kikombe kimoja cha bati. Maziwa, uji, maharagwe, hata mkate ukipatikana, kila mtu alipata sawa na mwenzake, na anayegawa anachukua wa mwisho. Hakukuwa na kugombana nyumbani kwetu. Majirani walinisifu, na mimi nilizipenda sifa hizo.

Sasa rudini jikoni. Ilikuwa msimu wa baridi, vumbi tele. Mwikali alikuwa na homa siku mbili, koo limevimba, hata mate hamezi. Nilimpeleka zahanati. Daktari wa pale alimwangalia kooni kwa tochi, akanipa vidonge vya siku kumi, akasema, "Amalize vyote, hata akijisikia amepona siku ya tatu. Usiache hata kimoja." Nikasema sawa. Nilimsikia vizuri. Sitaki mtu hapa aseme sikuelezwa.

Nilipofika nyumbani Nzioka alikuwa analalamika koo. Na Kyalo alikuwa na joto na sauti imekauka. Mwikali akakaa na dawa yake mkononi, wengine wawili wanamtazama.

Kyalo akauliza, "Na sisi?"

Susu akasema bila kuinua macho, "Koo ni lile lile. Gawa."

Siwezi kumtupia Susu lawama, maana nilikuwa nimeshamwaga vidonge kwenye mfuniko. Kumi huku, kumi huku, kumi huku. Thelathini inagawanyika kwa tatu bila kubaki. Nilifurahi kwamba hakuna kilichobaki.

Siku ya tatu wote walikuwa wanameza ugali. Nilijiona daktari. Kama mimi ni mtu wa kujigamba, basi siku hiyo nilijigamba pale kisimani, kwamba nimetibu watatu kwa dawa ya mmoja.

Wiki tatu baadaye hivi, Mwikali aliamka goti limevimba na ni moto. Siku mbili goti likapoa, maumivu yakahamia kifundo cha mguu. Yakatoka hapo yakaenda kwenye kiwiko. Susu alimpaka mafuta ya mbuzi. Jirani mmoja alisema ni mifupa inakua. Mwingine, ambaye simtaji na namwona pale nyuma, alisema tuangalie nani anatuonea wivu. Na mimi? Mimi nilimwambia Mwikali aache uvivu. Ilikuwa zamu yake kuosha mitungi. Nilimwambia, "Maumivu gani yanahama kama mfanyabiashara?" Nzioka alicheka. Mwikali akaenda akaosha mitungi amekaa chini, miguu ameinyoosha.

Maumivu yalikwisha yenyewe. Tukasahau.

Ndugu zangu, hapa ndipo ugonjwa huu ni mjanja. Ulikaa kimya miaka mitatu. Mwikali alikua, akaenda kidato cha kwanza, shule ya kutwa hapa kwetu. Alikuwa mkimbiaji, na muhula wa pili akaacha kukimbia. Alisema hapendi tena. Akawa anatoka nyumbani mapema kuliko wenzake na anafika nao pamoja. Nilimwona analala ameegemea gunia la mahindi, nikamuuliza, akasema akilala chali anakosa pumzi. Tulimpeleka mahali, wakasema kikohozi, wakampa dawa ya kifua. Tulienda tena, dawa nyingine ya kifua. Kisha viatu vya shule vikamkataa. Nilikasirika, kwa sababu vilikuwa bado vipya. Nilidhani mguu umekua. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

Ilikuwa Jumanne, mchana. Nilikuwa napanda ule mlima wa kutoka kisimani na mitungi imejaa, nikamkuta ameketi kando ya barabara na begi lake. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai. Alikuwa anapumua kwa mabega.

"Mkubwa," aliniambia. Wote huniita Mkubwa. "Mkubwa, nimechoka kidogo tu."

Nilishusha mitungi yote barabarani, sikuipanga, nikaisukuma tu ikaanguka na maji yakamwagika. Nikamkalisha kwenye mkokoteni, akaegemea mgongo wangu. Punda hakimbii kwa sababu wewe una haraka, mnawajua. Kila hatua nilikuwa nahesabu pumzi zake mgongoni mwangu, na kila zikikawia nilikuwa namuuliza swali la kijinga ili ajibu. Leo mlisoma nini? Mwalimu wa hesabu alikuja? Alikuwa anajibu neno moja moja. Karibu na lami akaacha kujibu, akawa anagonga mgongo wangu kwa kidole kuonyesha kwamba amesikia. Kijana wa boda boda alituona, akamwacha abiria wake palepale kando ya barabara, akatupakia sisi. Yule abiria hakulalamika. Alibaki kushika punda wangu. Nilimkuta jioni bado amewashika.

Hospitali kubwa ya Machakos walimwekea hewa ya oksijeni, wakamdunga dawa ya kutoa maji mwilini. Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine rika langu. Aliweka chombo chake kifuani kwa Mwikali, akasikiliza mbele, akasikiliza ubavuni, akafunga macho. Akaniambia nisogee, akaniwekea masikioni. Nilitarajia kusikia du-du, du-du. Nilisikia upepo. Kama maji yanayopita kwenye mfereji wenye ufa.

"Kuna mlango ndani ya moyo haufungi vizuri," alisema. "Damu ikisukumwa mbele, nyingine inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu. Aliwahi kuumwa koo sana? Halafu viungo vikamuuma?"

"Ndiyo."

"Koo lilitibiwa?"

"Lilitibiwa. Zahanati."

"Alimaliza dawa?"

Nawaambia nilichosema, maana nimekuja kusema. Nilisema, "Alimaliza." Nilimwangalia usoni nikasema hivyo. Niliona wanaandika, na nikaogopa kwamba wataandika jina langu, wampeleke Mwikali kwa watu wengine, na Kyalo pia, kama wajomba walivyotaka.

Mwikali alivuta ile mipira ya puani ikateremka mdomoni. Alizungumza kwa vipande. "Daktari, hatukumaliza. Kila mtu alipata kumi." Akapumzika. "Mkubwa hugawa sawa. Hajawahi kupendelea mtu."

Hakunishtaki. Alikuwa ananisifu. Alitaka daktari ajue kwamba nyumbani ana kaka mwema.

Daktari aliacha kuandika. Nilingoja anifokee, ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Hao wengine wawili wako wapi?"

Nilikaa palepale kwenye sakafu ya hospitali na kandambili zangu za tope, nikasimulia yote, mfuniko, mafungu, na lile neno la uvivu. Alinieleza kwa lugha ambayo hata mtu wa kidato cha pili anaielewa. Kuna wadudu wa koo ambao wasipomalizwa, mwili unaendelea kupigana, na katika kupigana unachanganyikiwa, unashambulia viungo na vile vilango vya moyo. Inaitwa homa ya baridi yabisi. Yale maumivu ya kuhama ndiyo yalikuwa dalili yake. Kama ningemleta wakati ule wangeanza kumkinga mapema.

Nilimuuliza kama mimi ndiye niliyemharibu moyo. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo ninamheshimu. Alisema, "Siwezi kuapa. Wako watoto ambao hawakupewa dawa kabisa na hawakupata shida, na huenda aliumwa koo mara nyingine hamkujua. Lakini dawa ya mtu mmoja ikiliwa na watatu, hakuna aliyetibiwa. Hilo naapa."

Nimelibeba hivyo hivyo, halijawa jepesi wala zito zaidi.

Wiki ile ile nilimleta Kyalo. Walimpiga picha ya moyo, ile ya mashine yenye mafuta baridi kifuani. Alicheka, alisema inamtekenya. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Moyo wake ulikuwa safi.

Nzioka alikuwa ameshaenda Mlolongo, anapakia mawe kwenye malori ya machimbo. Nilimpigia.

"Bro, mimi niko na nguvu kuliko wewe," alisema. "Jana nimepakia lori mbili."

"Ni kipimo tu. Hakuna sindano."

"Wakisema moyo ni mbovu, boss ataniweka kazini? Usiniletee ugonjwa sina."

Akakata simu. Nilirudi kwa yule aliyekuwa anazama mbele yangu.

Mwikali alianza sindano ya penisilini, moja kila baada ya wiki nne, ya kuzuia koo lisiuangushe moyo tena. Ni sindano ya makalio na ni nzito, siku hiyo anatembea kama amekaliwa na punda. Chumvi tulipunguza mpaka Susu akasema chakula changu kinafaa kwa kuku. Dawa za kutoa maji alikunywa kila asubuhi, naye mwenyewe alizishika, hakuna aliyeonja. Lakini mlango ule ulikuwa umevuja sana. Walisema lazima upasuliwe, Nairobi, na kwamba kusubiri sana moyo utapanuka usirudi.

Tukawekwa kwenye orodha. Kwanza wakataka meno yaangaliwe, jino moja likang'olewa, kwa sababu uchafu wa jino unaweza kuingia kwenye damu na kukaa kwenye mlango wa moyo. Nani kati yetu alikuwa anajua hilo? Kisha wakataka watu wanane wa kutoa damu. Siku nane zikiwa zimebaki nilikuwa na watu wawili.

Nilienda kwa wajomba. Mmoja alisema damu huuzwa. Mwingine alisema ana mafua, na mafua hayo yalianza niliposimama mlangoni. Nikaja hapa, kwenye jumuiya hii, baada ya rozari, nikasimama pale karibu na dirisha na sikuweza kumaliza sentensi. Mwenyekiti alimaliza kwa ajili yangu. Alisema, "Ijumaa saa mbili, atakayekuja aje amekula."

Mlikuja kumi na wanne. Najua mnakumbuka, ila niacheni niseme. Fundi wetu wa paa, ambaye hutembea juu ya mbao kama paka, aliona sindano akaanguka chini kabla hajaguswa, akaamshwa, akanywa soda, akarudi kwenye foleni akatoa. Susu alikuja na kitambulisho chake. Muuguzi alimwambia, "Nyanya, umri umepita." Susu akamjibu, "Mimi nimezaa tisa, wewe unaniambia kuhusu damu?" Walimpa soda ili aondoke.

Mimi walinikataa. Walinichoma kidole, wakasema damu yangu ni kidogo, nile vizuri nirudi. Nilikaa kwenye benchi nikawaangalia nyinyi mkilala mmoja mmoja na mikono imenyooshwa, kwa ajili ya mtoto niliyemnyima vidonge ishirini.

Siku ya upasuaji waliingia naye saa moja na nusu asubuhi. Alinipa chanuo lake la nywele, akasema nisipoteze. Walisema itachukua saa nne au tano. Saa tano zikapita. Saa sita. Kila mlango ulipofunguka watu kumi tulisimama, kila mmoja na wake ndani. Mama mmoja aliitwa kando, akarudi akakusanya vitu vyake taratibu, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nilisali sala isiyo na adabu. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni hesabu, hesabu ni yangu.

Saa nane kasoro mchana daktari mpasuaji alitoka, kofia imelowa. Aliniuliza, "Wewe ndiye Mkubwa?" Nikajua Mwikali ameongea. Walikuwa wameushona mlango wake mwenyewe, hawakuhitaji kuweka wa bandia. Nilipoingia kesho yake nilisikiliza kwa sikio tu, bila chombo. Du-du, du-du. Muuguzi alinifukuza.

Huu ni mwaka wa pili. Mwikali yuko kidato cha tatu. Hakimbii mashindano, lakini mlima anaupanda akiongea, na mnajua anavyoongea. Sindano yake itaendelea miaka mingi, na hajakosa hata moja.

Nawashukuru nyote kumi na wanne, na yule abiria niliyemwacha na punda, na daktari aliyeniacha niseme ukweli nikiwa sakafuni. Nilichojifunza ni kidogo na nawaachia. Mtoto akiumwa koo na homa, apelekwe. Dawa yake ni yake, kidonge cha mwisho ni chake, hata mwingine akilia. Anayelia naye apelekwe. Na mtoto akikuambia maumivu yanahama, usimcheke. Sisi watu wazima tuliozoea kusema tuko sawa, yule muuguzi aliyekaa pale na mashine ya presha hajaja kwa ajili ya chai. Mpeni mkono kabla hamjaondoka.

Mwenyekiti ameshaanza kuangalia shati langu, namaliza.

Jumamosi iliyopita nilienda Mlolongo. Nzioka anakaa ghorofa ya nne. Alinipokea chini, amepanuka mabega, amenunua nyama, amefurahi kuniona. Tulipanda ngazi. Ghorofa ya pili alisimama, akatoa simu, akasema kuna ujumbe anasoma. Nilisimama nyuma yake, ngazi moja chini, na kioo cha simu nilikiona. Kilikuwa kimezimwa.

Nilimwambia hapo hapo kwenye ngazi. Nilimwambia vidonge kumi havikutosha, na kwamba kosa ni langu si lake, na kwamba nitakaa naye kwenye foleni hata siku tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kisha akasema, "Mwisho wa mwezi, Mkubwa. Nikipata off." Hakusema mwezi gani.

Mwikali nilimkosea, na nyinyi mkanisaidia kulipa. Kyalo hakunidai kitu, ni neema tu. Fungu la Nzioka bado ninadaiwa.